Mafuta ya mgongoni mwa nguruwe mwenye mimba

Mwaka nilioanza kufuga nguruwe wazazi, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nilikuwa na jike mmoja mweupe, chotara wa Large White, ambaye kila mgeni aliyepita bandani alisimama kumtazama. Mgongo wake ulikuwa mpana na laini, na hata ukimbonyeza kiunoni kwa kidole hukuhisi mfupa. Tangu alipopandishwa nilimpa chakula bila kipimo, pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti na dagaa kidogo, ndoo asubuhi na ndoo jioni, kwa kuwa niliamini kwamba mwenye mimba hula kwa ajili yake na kwa ajili ya walio tumboni. Alizaa watoto 11. Siku iliyofuata alinusa chakula akageuza uso. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na ya tatu akala kiasi cha kiganja. Watoto walilia usiku kucha wakigombania chuchu zisizotoa maziwa ya kuwatosha, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimezika wanne.

Nilimwita afisa mifugo, kijana wa makamo ya mwanangu wa kwanza. Alimpima joto akalikuta la kawaida, akabonyeza kiwele chote chuchu kwa chuchu asione uvimbe, kisha akasimama akafuta mikono.

"Mama, huyu haumwi," alisema. "Huyu alishiba kabla hajazaa."

Nikamuuliza, "Mwanangu, mnyama anashibaje siku tatu mfululizo?"

Hakunijibu kwa maneno mengi. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa yule nguruwe na kusema kwamba jibu liko chini ya ngozi hiyo. Nimelitafuta jibu hilo kwa miaka kadhaa sasa, kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kuwatazama wanyama wangu siku baada ya siku, na leo ninataka kulieleza kwa urefu, kwa sababu bado ninawaona wafugaji wenzangu wakirudia kosa langu kwa nia njema ile ile niliyokuwa nayo.

Nguruwe hubeba mimba kwa siku 114 au 115. Wafugaji huikumbuka kwa kusema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ndani ya muda huo mafuta yake hufanya kazi mbili zinazokwenda pande tofauti. Kwa sehemu kubwa ya mimba yanakusanya, na kuelekea mwisho yanaanza kuachia. Asiyejua siku ambayo mwili unageuka kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili atalisha vibaya, hata akiwa na chakula bora kuliko wote kijijini.

Wengi wetu tunayachukulia mafuta ya mgongoni kama godoro tu, kitu kilicholala pale kikingoja kisu. Lakini ukienda machinjioni ukalitazama pande la mafuta hayo lingali na joto, utaona kwamba ndani yake mna nyuzi nyembamba zinazoligawa katika matabaka, na kati ya nyuzi hizo mna mishipa midogo inayotoa damu nyekundu isiyoisha ukiikanda kwa kidole. Hiyo ni nyama hai kama ilivyo nyama ya ini. Imejengwa kwa seli, na kila seli imebeba tone moja kubwa la mafuta ambalo limeijaza karibu yote na kusukuma viungo vyake vingine pembeni. Seli hiyo hutengeneza mafuta mapya, hupokea mafuta yaliyotoka kwenye chakula, na huachia mafuta iliyoyahifadhi mwili unapoyahitaji. Mambo hayo matatu huendelea kila siku, na anayeamua lipi lizidi lingine ni homoni zilizomo kwenye damu, insulini ikiwa ya mbele.

Katika kutengeneza mafuta, nguruwe ana tabia yake ambayo kila mfugaji anafaa kuijua. Kwa binadamu na kuku, mafuta yanayotengenezwa mwilini kutokana na wanga hutengenezwa hasa kwenye ini. Mbuzi na ng'ombe huyatengeneza kwenye tishu za mafuta zenyewe, lakini malighafi yao ni asidi inayotokana na kuchachuka kwa majani tumboni. Mwaka 1969 watafiti O'Hea na Leveille walionyesha kwamba nguruwe hutengeneza mafuta yake karibu yote ndani ya tishu za mafuta, na kwamba malighafi ni glukosi. Maana yake ni kwamba wanga wa pumba na mahindi, ukishamezwa na kuwa sukari ya damu, hauna safari ndefu. Sukari inayozidi mahitaji ya siku huingia moja kwa moja kwenye seli za mgongoni na kugeuzwa mafuta papo hapo. Sijui mnyama mwingine wa kufugwa hapa kwetu ambaye mahindi yake hugeuka mafuta kwa wepesi kama huo.

Kupokea kuna utaratibu wake. Mafuta yaliyotoka kwenye chakula husafiri katika damu yakiwa yamefungwa kwenye vifurushi vidogo ambavyo haviwezi kupenya ukuta wa mshipa vikiwa vizima. Lazima vikatwe kwanza, na kinachovikata ni kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipasi, ambacho hukaa kwenye kuta za mishipa midogo. Tishu yenye kimeng'enya hicho kwa wingi ndiyo inayopata mgao mkubwa. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu nitalirudia tutakapofika siku ya kuzaa.

Kuachia ni kinyume cha hayo. Insulini ikishuka na adrenalini ikapanda, vimeng'enya vilivyo ndani ya seli hulivunja lile tone la mafuta likawa asidi za mafuta na gliseroli, vyote vikatoka kwenda kwenye damu. Misuli huchoma asidi za mafuta kupata nguvu, na ini huichukua gliseroli likaigeuza kuwa glukosi.

Sasa tuingie kwenye mimba yenyewe. Katika theluthi mbili za kwanza mwili wa jike uko katika hali ya kujenga. Homoni ya projesteroni iko juu, insulini inafanya kazi yake vizuri, na watoto walio tumboni hawahitaji chakula kingi. Hadi siku ya 70 kila mmoja hajafikia hata robo ya uzito atakaozaliwa nao. Miaka ya 1960 watafiti wa Ufaransa, Salmon-Legagneur na Rérat, waliandika kuhusu jinsi jike mwenye mimba anavyoweza kuongeza uzito wa mwili wake kuliko mwenzake asiye na mimba aliyelishwa chakula kile kile. Wengine waliofuata walibishana nao juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, kwa kuwa inategemea sana kiasi cha chakula. Hata hivyo, mtu yeyote aliyekaa na nguruwe ameiona tabia yenyewe: jike aliyeshika mimba hutulia, hulala sana, na hunenepa kwa chakula ambacho miezi miwili nyuma kilimweka palepale.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya chakula cha jike katika kipindi hiki ni ya kumweka hai tu, yaani kutunza joto la mwili, kusimama, kulala na kupumua. Watoto wanachukua kidogo. Kilo mbili hadi mbili na nusu za chakula kilichochanganywa vizuri kwa siku zinamtosha jike wa kawaida. Zile ndoo zangu mbili zilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Niliyempa chakula, nikidhani nawalisha watoto, alikuwa akiupeleka mgongoni karibu wanga wote uliozidi.

Ikibaki mwezi mmoja na siku chache kabla ya kuzaa mambo hubadilika, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, maana ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Sehemu kubwa zaidi ya uzito wa watoto huongezeka katika wiki hizi za mwisho. Wanahitaji chakula kwa wingi, na chakula wanachokihitaji ni glukosi. Hapo mwili wa mama hufanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linafanana na ugonjwa wa kisukari. Misuli yake na tishu zake za mafuta zinaanza kuwa sugu kwa insulini. Watafiti Père na Etienne wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, iliyoitwa INRA wakati huo, waliipima hali hii kwa miaka mingi. Jike aliyekaribia kuzaa akipewa glukosi, sukari hukaa kwenye damu yake kwa muda mrefu zaidi kuliko alipokuwa katikati ya mimba. Mfuko wa uzazi hauingojei insulini ili uchukue sukari. Hivyo sukari ambayo misuli na mafuta ya mama vimekataa kuichukua inabaki kwenye damu, na damu inaipeleka kwa watoto.

Kwa tishu za mafuta, usugu huo una matokeo mawili kwa wakati mmoja. Kazi ya kutengeneza mafuta mapya inapungua, kwa kuwa glukosi haiingii kama zamani. Na kazi ya kuachia inaongezeka, kwa kuwa insulini ndiyo iliyokuwa ikizuia mlango usifunguke. Asidi za mafuta zinapanda kwenye damu ya mama, hasa alfajiri kabla hajala, na misuli yake inaanza kuzichoma badala ya sukari. Mama anajilisha kwa akiba yake ili sukari ya leo iende kwa watoto.

Kwa nini asiwape watoto mafuta yale yale? Nilijiuliza swali hilo kwa muda mrefu, na jibu liko kwenye kondo la nyuma. Kwa binadamu, kondo hupenya ukuta wa mfuko wa uzazi hadi damu ya mama ikaogesha upande wa mtoto moja kwa moja. Kwa nguruwe, kondo limelala tu juu ya ukuta wa mfuko wa uzazi, limeenea kote kama shuka, na kati ya damu ya mama na damu ya mtoto mna tabaka sita za seli ambazo hazikutoboka hata moja. Glukosi na asidi amino, yaani matofali ya protini, hupita. Asidi za mafuta hupita kwa uchache sana. Kinga za mwili hazipiti kabisa, ndiyo maana mtoto wa nguruwe asiyenyonya dang'a siku ya kwanza mara nyingi hafiki mbali.

Matokeo yake unayaona mara tu mtoto anapotoka. Binadamu huzaliwa na mashavu na mapaja yaliyojaa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na ngozi iliyokunjamana juu ya mifupa, na mafuta yaliyomo mwilini mwake ni kama asilimia 1 au 2 tu ya uzito wake, na hata hayo mengi ni sehemu ya kuta za seli zake, hayawezi kuchomwa. Ana akiba ya wanga kwenye ini na misuli ya kumfikisha saa chache, basi. Zaidi ya hapo hana yale mafuta ya kahawia ambayo watoto wa wanyama wengi huyatumia kupata joto bila kutetemeka. Mwaka 2006 watafiti wa Uppsala, Uswidi, walieleza sababu: jeni inayoyawezesha mafuta hayo kutoa joto iliharibika kwa mababu wa nguruwe yapata miaka milioni 20 iliyopita, na sehemu zake kadhaa zimefutika kabisa. Mtoto mchanga wa nguruwe anahitaji hewa yenye nyuzijoto kama 34 ili asipoteze nguvu kwa kutafuta joto. Huku kwetu usiku wa Juni au Julai hewa huteremka chini ya nyuzi 10, na mtu akiingia bandani alfajiri bila koti anatetemeka. Nguruwe mwitu hujenga kiota cha majani kabla ya kuzaa, na hata jike wa bandani, ukimwekea nyasi kavu siku moja kabla, ataanza kuzibeba kwa mdomo na kuzipanga. Ninaona uchungu kila ninapokuta jike anakwangua saruji tupu kwa kwato akitafuta nyasi ambazo hakuna aliyemletea.

Kwa hiyo mafuta ya mama hayawezi kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Yatamfikia baadaye, kwa njia ya maziwa, na maandalizi ya njia hiyo huanza ndani ya kiwele wiki kadhaa kabla.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu machinjioni. Jirani aliuza jike lililovunjika mguu, na lilipopasuliwa likakutwa na mimba ya miezi miwili hivi. Mchinjaji alikikata kiwele kwa upana kama anavyokata mkate, na ndani yake mlikuwa na mafuta meupe karibu matupu, yenye vijinyuzi vya rangi ya waridi hapa na pale karibu na chuchu. Wiki chache baadaye nililetewa kiwele cha jike aliyekufa wakati wa kuzaa. Nilikikata vivyo hivyo. Hapakuwa na mafuta ya kutajwa. Kilikuwa kimejaa tishu ya rangi ya waridi iliyokolea, yenye punje punje, na kila nilipokibonyeza kilitoa dang'a nzito ya manjano. Kati ya siku ya 75 hivi na kuzaa, tishu inayotoa maziwa huota ndani ya mafuta yale na kuchukua nafasi yake, hadi yanabaki mabaki tu kati ya matawi.

Mwaka 1991, Weldon na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao ningependa kila afisa mifugo aubandike ukutani. Waliwapa mitamba wenye mimba chakula chenye nguvu nyingi kuanzia siku ya 75 hadi 105, na walipopima viwele vyao walikuta seli za kutoa maziwa ni chache kuliko za wenzao waliolishwa kwa kipimo. Katika siku zile zile ambazo kiwele kinapaswa kuachana na mafuta, mfugaji anakizidishia. Ninaposoma matokeo hayo ninawakumbuka wale wanne niliowazika.

Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, projesteroni huporomoka na prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda. Sasa nakirudia kile kimeng'enya cha kukata vifurushi vya mafuta. Kwenye tishu za mafuta za mgongoni hupungua. Kwenye kiwele huongezeka kwa kasi. Vifurushi vile vile vya damu, ambavyo mwezi mmoja nyuma vingekatwa mgongoni na kuhifadhiwa, sasa vinakatwa kwenye kiwele na kuingia kwenye maziwa. Wakati huo huo mgongo unaendelea kuachia asidi za mafuta, nazo pia zinapita kwenye kiwele. Maziwa ya nguruwe yana mafuta ya asilimia 7 au zaidi kidogo, karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe wengi wa kisasa. Jike wa mbegu bora anayetoa kilo 8 kwa siku anatoa zaidi ya nusu kilo ya mafuta kila siku. Mtoto aliyezaliwa na asilimia 2 ya mafuta anaanza kufunikwa chini ya ngozi ndani ya siku chache, na mafuta hayo yalikuwa mgongoni mwa mama yake wiki mbili zilizopita.

Watu wanaofuga mbuzi huniuliza kama nguruwe naye huanguka kwa ugonjwa ule wa mbuzi mwenye mapacha, anayelala chini wiki za mwisho kwa sababu mwili umevunja mafuta kupita kiasi na damu kujaa ketoni, yaani mabaki ya uvunjaji huo. Kwa nguruwe hilo ni nadra. Ini lake hutengeneza ketoni kwa uchache sana hata akifungishwa. Hatari yake iko kwingine, kwenye hamu ya kula.

Hapa ndipo nilipomwelewa yule kijana. Mwaka 1994 ulikuwa na taarifa mbili zinazokamilishana, ingawa waliozitoa hawakuwa wakifanya kazi pamoja. Watafiti wa New York waliitambua leptini, homoni inayotengenezwa na tishu za mafuta zenyewe na kupelekwa ubongoni kueleza kwamba akiba ipo. Na Weldon na wenzake walionyesha kwamba mitamba walioachwa kula watakavyo kuanzia siku ya 60 ya mimba walikula kidogo zaidi baada ya kuzaa, damu yao ilikuwa na asidi za mafuta nyingi, na usugu wao kwa insulini ulikuwa mkubwa zaidi. Ukiziweka taarifa hizo pamoja, picha inakuwa wazi. Kila jike anayekaribia kuzaa ana usugu kiasi, na usugu huo ni wa manufaa. Jike aliyenenepa kupita kiasi anauongeza juu ya ule wa kawaida. Mafuta yanamwagika kwenye damu kwa wingi, leptini inauambia ubongo kwamba chakula kipo tele, na mnyama anageuza uso kwenye kihori huku kiwele kikidai. Nguvu anaweza kuzipata kutoka mgongoni. Protini ya maziwa hawezi, kwa kuwa mafuta hayana protini. Hivyo anaanza kuvunja misuli yake, maziwa yanapungua, na baada ya kuachisha anachelewa kurudi kwenye joto la kupandishwa. Yule wangu alichukua karibu mwezi mzima.

Jike aliyekonda ana shida yake, nayo ni rahisi kueleza: hana cha kuachia. Anazaa watoto, anatoa maziwa wiki moja, kisha anaisha mbele ya macho yako hadi uti wa mgongo unasimama kama msumeno. Wafugaji wengi wa kwetu wako upande huu kuliko ule wa kwangu, hasa miezi ambayo pumba zimepanda bei, na sitaki mtu asome maneno yangu akaenda kumnyima chakula mnyama ambaye tayari ni mifupa.

Kwa hiyo ninapima. Penye kipimo cha mawimbi ya sauti, mafuta ya mgongoni hupimwa usawa wa mbavu ya mwisho, sentimita 6.5 kutoka katikati ya uti wa mgongo, na kwa majike wa kisasa milimita 16 hadi 20 wakati wa kuzaa zinatajwa kuwa kiasi kizuri. Mimi sina kipimo hicho. Ninatumia kiganja. Ninasimama nyuma ya mnyama akiwa anakula, ninaweka vidole juu ya mifupa ya nyonga na kubonyeza. Nikiihisi bila kubonyeza, amekonda. Nikibonyeza kwa nguvu nisiipate, amenenepa mno. Ninataka niihisi kwa kubonyeza kwa kiasi, kama unavyohisi mbegu ndani ya embe lililoanza kuiva. Ninafanya hivyo siku ya kupandishwa, siku ya 30, ya 60 na ya 90, na ninaandika kwenye kalenda iliyotundikwa mlangoni mwa banda.

Aliyetoka kunyonyesha akiwa amekonda ninamrudishia mwili mapema, kati ya siku ya 30 na ya 75, wakati insulini yake inasikia na tishu za mafuta ziko tayari kupokea. Mwenye mwili wa kutosha anabaki kwenye kilo mbili na kidogo. Baada ya siku ya 75, hadi zibaki wiki tatu, simwongezei mnene hata akipiga kelele, na hupiga kweli. Ninampa majani ya viazi vitamu na nyasi changa azitafune, kwa sababu tumbo lililojaa majani humtuliza bila kumnenepesha. Wiki tatu za mwisho ninaongeza kidogo kwa wote, robo tatu ya kilo hivi, lakini nyongeza hiyo inaegemea soya na dagaa kuliko mahindi, kwa kuwa watoto wanajenga nyama. Siku ya kuzaa simfungishi tena kama nilivyofundishwa zamani. Watafiti wa Denmark wameonyesha kwamba majike waliokula saa chache kabla ya kuanza kuzaa humaliza kuzaa haraka kuliko wale waliokaa na njaa muda mrefu, kwa sababu mfuko wa uzazi unaosukuma watoto unatumia glukosi. Kwa hiyo ninagawa chakula chake mara tatu, kidogo kidogo, hadi uchungu unapoanza.

Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, bado hunitania kwamba majike wangu wana miili ya shule ya bweni. Kwake nguruwe mzuri ni yule ambaye tumbo lake linaburuta. Mwezi uliopita nilimwomba aweke mkono wake kwenye nyonga ya jike wake mwenye mimba ya siku 80 na kunionyesha mfupa. Alibonyeza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza nampa yule wangu debe ngapi, na nikamwonyesha kopo.

Jike niliye naye sasa yuko siku ya 109. Nimemwogesha, nimemhamishia kwenye chumba cha kuzalia, na nyasi kavu ziko kwenye gunia nje ya mlango. Kiwele kimejaa hadi nyuma, na mifupa ya nyonga ninaihisi pale ninapotaka kuihisi. Mara ya mwisho alipozaa, baada ya kondo la mwisho kutoka, alilala saa mbili watoto wakinyonya, kisha akasimama taratibu asimkanyage mmoja, akanywa maji karibu nusu ndoo, akala kilo moja na nusu bila kuinua kichwa, akarudi kulala upande ule ule.